Chumba cha Chiriku na Mashine za Mama Vumbi

Jumapili, 2 Machi. Asubuhi ukungu mwepesi, kisha jua.

Mwanangu Chiriku,

Salaam nyingi kutoka nyumbani. Mimi ni mzima, ila goti la kushoto linalalamika kidogo nikipanda ngazi, nami najifanya sisikii. Baba yako mdogo amepata mjukuu mwingine wa kike, ana sauti ya kuamsha mtaa mzima. Fundi viatu wa hapo mbele anakusalimu. Na mumeo mpe salaam zangu, mwambie ile pasi aliyonitengenezea bado inachoma kama siku ya kwanza.

Sasa habari yenyewe. Nimeipata! Ile mashine ya kufyonza vumbi niliyoitafuta tangu nilipostaafu usimamizi wa usafi kule hotelini, ile isiyotumia umeme kabisa. Ina mvukuto kama wa mhunzi, na ni ya watu wawili: mmoja anavuta na kusukuma mpini, mwingine anapitisha mdomo wa bomba sakafuni. Nimeikuta kwenye banda la kuku la mwalimu mmoja mstaafu, na kuku walikuwa wamehamia ndani. Mwalimu alinitazama kama mtu aliyesikia vibaya.

"Hiyo? Mama, dukani si wanauza mpya?"

Nikamwambia mpya sizitaki, mpya kila mtu anazo.

Tuliijaribu na fundi viatu. Yeye alisukuma mpini, mimi nikashika bomba. Jasho likamtoka. "Mama Vumbi," akasema, "hivi ufagio ulikukosea nini?" Lakini mwanangu, ilifyonza! Inatoa sauti ya mtu anayekunywa chai ya moto bila aibu.

Katika barua yako ya mwezi uliopita uliuliza kama dirisha la chumba chako bado linakwama. Kusema kweli sijui, maana silifikii. Chumba chako sasa ndicho ghala yangu ya mashine. Nguruwe, yule mkubwa anayekoroma, yuko mlangoni. Wale wawili warefu ninaowaita Askari wamesimama ukutani, na ile ya duara kama mpira iko palipokuwa na kitanda. Kitanda nilimpa fundi viatu, binti yake amekua. Nilijua hutakasirika. Wewe una kwako, una mume. Mkija kutembea mtalala chumbani kwangu, nami nitajinyoosha sebuleni.

Ni mimi, Shangazi yako.

Jumatatu asubuhi, kabla sijafunga bahasha: nililala saa nne na nusu.

*

23 Machi

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Natumaini hamjambo wote, na mjukuu mpya, na fundi viatu na mgongo wake baada ya kazi uliyompa. Nimecheka peke yangu mpaka jirani akagonga ukuta. Wewe ndiye mtu pekee ninayemjua anayemaliza barua kwa kutaja saa aliyolala. Wenzio huandika "nakupenda".

Hapa kazini tunashona mapazia ya ukumbi mkubwa, mekundu, mazito kama magunia ya mahindi. Bosi wetu alipima madirisha mwenyewe ili tusikosee, sasa mapazia yote hayafiki chini. Anasema ndiyo mtindo mpya. Tumemwitikia, "Ndiyo, bosi," na tunaongeza pindo.

Kuhusu chumba usijali hata kidogo. Niliuliza tu habari za dirisha. Na kitanda umefanya vizuri, bora kilaliwe kuliko kukaa bure. Mwenzangu ana kazi nyingi siku hizi.

Hongera kwa mashine ya kuku.

Mwanao,
Chiriku

*

Jumamosi, 19 Aprili. Asubuhi manyunyu, nguo sikuanika.

Mwanangu Chiriku,

Hatujambo. Mjukuu ameanza kutabasamu na tayari amemkojolea babu yake. Goti ni lile lile.

Nimeisoma barua yako kwa furaha, lakini ina ukurasa mmoja tu. Chiriku mzima, ukurasa mmoja, tena chini umeacha nafasi! Ulipokuwa na umri wa miaka kumi ulikuwa unanisimulia safari ya kwenda dukani mpaka chai inapoa. Nimeigeuza nikidhani umeandika na nyuma.

Na mumeo hakunisalimu. Sisemi kwa ubaya. Pengine ulikuwa na haraka ya kuwahi posta. Mwambie nina taa inazimika ovyo, atakapopata nafasi aje aitazame. Taa inaweza kusubiri.

Mimi nimeongeza moja. Nyembamba, inang'aa kuanzia mdomo hadi magurudumu, na ina taa yake mbele. Nimeipa jina Bwana Harusi. Haifyonzi chochote, inapiga kelele na kupendeza, basi. Nimeisogeza sogeza mpaka ikapata nafasi, mguu wa Askari mmoja umelazimika kutoka kidogo mlangoni.

Andika, hata kama huna la kusema. Wewe ukikosa la kusema ndipo huwa naanza kusikiliza.

Shangazi yako.

Jumapili asubuhi: nililala saa tano kasoro dakika kumi.

*

8 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa. Nilianza kuandika mara nyingi, halafu kazi ikaniita. Nilitaka kupiga simu pale dukani wakuite, nikaona si vizuri kukusimamisha barabarani na goti lako.

Nyuma ya bahasha utaona anwani mpya. Chumba ni kidogo ila kina mwanga. Nikikunjua kitambaa kitandani, chumba kinajaa, basi nashona nikiwa nimekaa mlangoni. Mwenye nyumba ni mama mmoja mtulivu, ana masharti yake: hataki cherehani usiku, hataki maji yamwagwe upande wa maua. Nimenunua sufuria ndogo, ile kubwa niliiacha kule. Sufuria ndogo ina faida, wali hauchachi.

Kazini mapazia ya ukumbi yamekwisha. Bosi anasema huenda kazi ikapungua kidogo, na ikipungua tutashona kila mtu nyumbani kwake. Mimi sina shida na hilo, cherehani ni yangu.

Msalimie baba mdogo. Fundi viatu je, binti yake anakipenda kitanda?

Chiriku

*

Jumamosi, 28 Juni. Asubuhi baridi, upepo umeangusha ndoo.

Mwanangu,

Sote tu wazima. Binti wa fundi viatu anakipenda kitanda, wala sitathubutu kumnyang'anya sasa.

Asante kwa anwani mpya. Nimeinakili mahali pawili.

Hapa nimeanza kupunguza mashine. Mtu hawezi kukaa na kila kitu. Nguruwe nimempa kinyozi wa kona, nikamwonyesha namna ya kumfungua tumbo na kumsafisha, akasema hajawahi kuona mtu anayeagana na mashine kwa muda mrefu hivyo. Ile ya watu wawili nimeipeleka shule ya msingi. Mwalimu mkuu aliniambia, "Mama, hatuna mazulia." Nikamwambia hamhitaji mazulia, mnahitaji watoto wawili. Sasa watoto wanagombania mpini, na darasa la tano ndilo safi kuliko yote. Askari mmoja ameenda kwa mama wa duka la vitambaa, yule mnene. Kila niliyempa nimemsisitizia: aiwashe mara kwa mara, maana mpira wa ndani ukikaa bila kazi unakauka, na ikiharibika asipeleke kwa mafundi wa barabarani, aniletee mimi.

Bwana Harusi bado anatafutiwa kwake. Kila anayemwona anampenda, nikimwasha wananiambia watafikiria.

Na ule ukuta wa upande wa chumba chako nimeupaka chokaa, ulikuwa na alama za magurudumu. Dirisha nimelifikia. Linakwama juu, upande wa bawaba. Nimelipaka sabuni, sasa linafunguka kwa kidole.

Shangazi yako.

Jumapili asubuhi: nililala saa sita. Chokaa ina harufu.

*

13 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Leo sisalimii watu wengi, nina neno moja nawe. Unaumwa nini?

Usiniambie goti. Mashine ya watu wawili uliitafuta tangu ulipostaafu. Ulinilazimisha nikiwa mgeni harusini kwa watu nikamuulize mwenye nyumba kama anayo mashine hiyo stoo. Leo umeipeleka shule? Nguruwe kwa kinyozi? Mtu hagawi vitu vyake vya moyoni hivi hivi, na kupaka chokaa juu. Hivyo hufanya mtu aliyekwenda kwa daktari akaambiwa jambo, akarudi nyumbani akaanza kupanga.

Nimemsomea barua yako mama mwenye nyumba. Naye kasema, "Huyo anaaga." Nimeshona mkono wa gauni la mtu upande usio wake, ikabidi nifumue wote.

Niambie ukweli. Mimi si mtoto. Baba alipofariki wewe uliniketisha ukaniambia mwenyewe, hukuniacha nisikie kwa watu. Nitendee hivyo tena.

Chiriku wako

*

Jumamosi, 2 Agosti. Asubuhi anga safi kabisa, hakuna wingu.

Mwanangu Chiriku,

Tulia. Siumwi. Daktari wangu wa mwisho kunigusa alikuwa yule wa meno. Mwambie mama mwenye nyumba, kwa heshima zote, aangalie maua yake.

Ukitaka kujua ninaloumwa, ninaumwa na watu. Wameanza kurudisha! Kosa ni langu, nani aliniambia niseme waniletee mimi? Kinyozi amemrudisha Nguruwe, nywele zimemkaba. Nikamsafisha, akamchukua, baada ya wiki huyo tena. Mama wa vitambaa kamleta Askari eti "amebadilika sauti". Nimemsikiliza Askari, hana lolote, ni yeye aliyekuwa amewasha redio. Kila nikitoa mashine moja, nyingine inaingia kwa mlango wa mbele. Fundi viatu anasema, "Mama Vumbi, wewe hujagawa, umefungua hospitali."

Lakini chumba nitakiweka wazi, hata kama Nguruwe italazimu alale jikoni. Nimeagiza kitanda. Nilikwenda kwa seremala mwenyewe nikachagua mbao. Akaniuliza, "Cha watu wawili, Mama Vumbi, au cha mmoja?"

Nikamwambia, "Cha mmoja."

"Lakini si cha Chiriku? Chiriku si ana mume?"

Nikamwambia, "Wewe piga randa."

Kitakuwa tayari mwisho wa mwezi.

Nikirudi kwa goti, sasa nilipolifikiria vizuri, ni baya. Ni baya sana. Jana nilishindwa kabisa kushuka ngazi. Mtu akitaka kuja kuniangalia, tuseme wiki moja, sitamfukuza.

Shangazi yako.

Jumapili asubuhi: nililala saa tano na robo.

*

17 Agosti

Shangazi mpenzi,

Shikamoo.

Nimesoma habari za goti. Nimesoma na habari za kitanda. Za goti nilizisoma mara moja.

Goti baya si la kupuuza. Kazi hapa imepungua kama bosi alivyosema, kwa hiyo sitamkosesha mtu chochote. Nitafika Jumamosi tarehe 30, mchana. Nitakaa wiki moja nikuangalie. Nitakuja na cherehani, huenda ukawa na nguo za kuwekewa viraka. Na mapazia, maana uliposema umepaka chokaa hukusema dirisha lina pazia. Na sufuria.

Usije kunipokea kituoni na goti hilo.

Chiriku

*

Jumamosi, 30 Agosti. Asubuhi mvua kubwa ya ghafla, ikakatika saa nne.

Mwanangu Chiriku,

Barua hii haina stempu. Wewe uko ng'ambo ya ukuta huu, nakusikia ukijigeuza kitandani. Lakini nimezoea kukwambia mambo kwa kalamu, na leo mezani palipohitaji neno nilisema "ongeza chumvi" tu.

Nilikuwa nimepanga siku nzima ya leo. Chumba kilikuwa kitupu tangu Alhamisi, kitanda mahali pake, shuka zimenyooshwa. Ndipo jana jioni kinyozi akaja na Nguruwe. Nikamkatalia mlangoni. Akamwacha barazani akaenda. Leo asubuhi, katikati ya mvua, mama wa vitambaa naye na Askari wake, kamfunika kanga asilowe. Na darasa la tano wakaleta ile ya watu wawili, imepasuka mvukuto, wameibeba watoto wanne kama wanabeba mgonjwa. Ningewaacha nje? Mvukuto ni ngozi, ukilowa umekwisha. Nikasema nitaziingiza chumbani kwa saa moja tu, mvua ikatike.

Ndipo nikasikia mkokoteni unasimama mbele ya lango, wala mchana ulioniambia haujafika.

Ulisema wiki moja. Nilihesabu kwa macho: masanduku, cherehani na meza yake, mizigo ya vitambaa, beseni, kioo. Mtu hauguzi goti kwa kioo. Lakini ulikuwa umesimama pale umeloa, umekonda, unamlipa mwenye mkokoteni kwa uso wa mtu anayejitayarisha kujieleza, nami nikakimbia. Nilishuka ngazi zote. Nilifika langoni ndipo nikakumbuka kwamba nilipaswa kuchechemea.

Ukanitazama miguu. "Goti limepona, Shangazi?"

"Limepona sasa hivi."

Ukacheka, kisha ukaacha kucheka, ukaingia ndani na sanduku la kwanza. Ukafungua mlango wa chumba. Nilikuwa nyuma yako, sikuwahi kukuzuia. Nguruwe, Askari, mashine ya kuku, zote juu ya zulia jipya, na bomba moja juu ya kitanda. Ulisimama tu. Hukusema neno. Wewe!

Nikasema, "Ni kwa saa moja tu, mwanangu, ni mvua."

Ukasema kwa sauti ndogo sana, "Si kitu, Shangazi. Nitalala sebuleni. Ni wiki moja."

Hapo ndipo nilipokasirika, na umeniona, nisamehe. Sikukukasirikia wewe. Nilimshika Nguruwe kwa shingo nikamburuta mpaka jikoni. Nikarudi nikamchukua Askari. Ulikuwa umesimama bado na sanduku mkononi, nikakwambia, "Weka hilo chini, shika upande wa pili." Tukaibeba ile nzito wote wawili, tukakwama mlangoni, ukaniambia nigeuke, nikageuka upande usio sawa, ukanifokea, "Kushoto, Shangazi, kushoto kwako!" kama zamani. Mvua ilikuwa imekatika. Chumba kikabaki na kitanda na wewe.

Tulipokuwa tunakula ukasema, bila kuinua macho, "Hukuumwa."

"Sikuumwa."

"Nami sikuja kwa wiki moja."

"Najua. Umeleta kioo."

Kisha ukaniambia kwamba mumeo aliondoka mwezi wa pili. Alichukua vifaa vyake vya kazi, akasema atarudi kuchukua redio, na hata redio hakuirudia. Ulisema kana kwamba unanisomea bei za vitambaa. Nikakwambia ongeza chumvi.

Lakini nimekaa hapa nikirudia. Mwezi wa pili. Barua ile ya dirisha uliiandika mwezi wa pili. Uliniuliza kama una mahali pa kurudi, kwa njia uliyoiweza, nami nikakujibu ukurasa mzima wa mashine, na kwamba una kwako. Ukanipongeza, ukanyamaza, ukaenda kukaa mlangoni kwa watu na sufuria ndogo.

Basi nasema sasa kwa maandishi nisije nikaleta mambo ya chumvi. Chumba ni chako. Si cha wiki moja, si mpaka mambo yatengemae, si mpaka apatikane mwingine. Ukiolewa tena ni chako, ukizeeka humu ni chako. Nikipata mashine nzuri kuliko zote duniani, italala na mimi chumbani kwangu, nami nitajifunza kuzunguka kitanda kwa ubavu. Habari za yule mwanaume sitakuuliza. Siku utakayotaka kusema, sema, hata kama chai itapoa.

Jumatatu nitamrudishia kinyozi Nguruwe wake, na safari hii nitamwambia ukweli kwamba mimi si hospitali. Ile ya shule tutaishona mvukuto wewe na mimi, ngozi ninayo, cherehani unayo. Ukikataa nitamwita fundi viatu, atalalamika lakini atakuja.

Naiweka barua hapa juu ya cherehani yako, utakapoamka uione.

Shangazi yako.

Jumapili asubuhi: bado umelala, mlango uko wazi kidogo na dirisha umelifungua. Mimi nililala saa nane kasoro robo.